Karakana ya mbao hapa Nyarugusu

Mwezi huu tuliwapeleka vijana wetu kwenye karakana moja ya mbao humu kambini Nyarugusu. Ukikaribia unasikia randa kabla hujamwona mtu. Tulibeba meza mbili za darasani zilizochakaa, maana mtoto akiandika, kalamu inatumbukia kwenye vitundu vya mbao na kutoboa karatasi. Na daftari jipya, mnajua wenyewe, ni la kungojewa.

Meza zile ni za mninga. Mzee fundi alituambia mninga na mvule zina vitundu wazi; ukipaka vanishi tupu inadidimia humo, juu panabaki mabondemabonde. Basi tulikwangua vanishi ya zamani, tukapiga msasa kufuata nyuzi, tukapangusa vumbi.

Fila ya dukani ni ghali. Mzee akachukua vanishi, akailainisha kwa tapentaini, akapaka, kisha akasugua kwa msasa laini ingali mbichi. Vumbi la mbao ileile likawa kama uji, likaingia vitunduni, na rangi ni moja kabisa! Halafu akapangusa kwa kipande cha gunia akizikata nyuzi, siyo kuzifuata, la sivyo uji wote unatoka tena.

Vijana walitaka kumalizia hapohapo, si mnawajua. Mzee akakataa: chini pakiwa pabichi, vanishi ya juu hukunjamana. Tulimalizia siku ya tatu.

Meza moja imesharudi darasa la tatu. Ya pili bado inakauka, tafadhali msiiegemee.