Kuingoja Baridi

Nikirudi Ujiji, ndugu zangu wa Kitongoni huuliza kazi yangu ni ipi hasa huko ughaibuni. Nasanifu vigunduzi vya eksirei vya darubini za angani. Ni mionzi ileile inayopiga picha ya mfupa uliovunjika pale hospitali ya Maweni, ila hii hutoka kwenye gesi yenye joto la nyuzi mamilioni iliyotanda kati ya galaksi. Hewa ya dunia huizuia isitufikie, kwa hiyo lazima tuifuate juu. Satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Nilipolijua hilo nikiwa mwanafunzi, niliacha kujihesabu mgeni katika fani hii.

Kigunduzi changu hupima joto. Fotoni moja ikigonga kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kipande hupata joto kidogo mno, na kiasi cha joto hilo ndicho nishati ya fotoni. Moseley, Mather na McCammon walilieleza wazo hili mwaka 1984. Shida ni kwamba chochote chenye joto hutikisika chenyewe, na mtikisiko huo huifunika ishara ndogo ya fotoni. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua: mbalamwezi ikiwaka, karabai haziiti samaki, nao hungoja giza. Mimi nangoja baridi, nyuzi 0.05 tu juu ya sifuri halisi.

Umri wangu umeishia kwenye waya. Kila waya unaoingia kwenye kigunduzi hubeba joto, hivyo tunautaka mwembamba. Ukizidi wembamba, mtikisiko wa roketi unaukata. Nimeishi na waya zaidi kuliko nyota.

Satelaiti ya Japani, Suzaku, ilipoteza heliamu yake yote ya kupozea mwaka 2005, kabla kigunduzi chake cha baridi hakijaanza kuchunguza anga. Hitomi, mrithi wake, ilivunjika wiki chache baada ya kurushwa, 2016, lakini ilikwisha pima gesi ya kundi la galaksi la Perseus: inavurugika kwa kama kilomita 164 kwa sekunde. Niliposoma kipimo kile nililia kwa furaha.

Satelaiti ya XRISM, iliyorushwa 2023, inafanya kazi hadi leo, ingawa mlango mbele ya kigunduzi umekataa kufunguka na mionzi ya nishati ndogo haipiti. Ina vipimajoto 36. NewAthena, darubini inayopangwa Ulaya, inahitaji zaidi ya elfu moja, na hesabu za waya tumezianza upya.