Tairi la tano

Pita kwenye maegesho yoyote ya Dar es Salaam, uangalie magari kwa nyuma. Prado, Pajero, RAV4 za zamani, Suzuki. Kila moja limebeba tairi mgongoni, na tairi limevishwa kava zuri lenye picha ya faru au simba. Sasa waulize wenye magari hayo ndani ya kava kuna nini. Mimi niliwauliza rafiki zangu sita. Wawili hawakuwa na habari. Mmoja alicheka, akasema lile ni pambo tu.

Mimi si fundi jamani. Ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali. Na maswali ya tairi la spea nimeanza kuyauliza kwa sababu ya Mama.

Marehemu baba alituachia shamba Kilindi na Prado ya mwaka 1998. Mama amestaafu, ana miaka 63, na hataki kusikia habari ya kuuza kimojawapo. Kila msimu wa mahindi anashika usukani mwenyewe: Handeni, Songe, halafu anaacha barabara kubwa na kuingia njia ya shamba, mahali ambapo ili simu ishike mtandao inabidi upande kichuguu. Zamani walikuwa wanakwenda wawili. Siku hizi anakwenda peke yake, na mgongoni amebeba tairi la mwaka 2009.

Mwaka nimeujuaje? Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mlolongo huishia kwa tarakimu nne. Letu lilisomeka 3109, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2009. Meno yake yalikuwa mapya kabisa maana lilikuwa halijawahi kukanyaga chini. Lakini ubavu ulikuwa na nyufa nyembamba kama kisigino kilichokosa mafuta. Mpira huzeeka hata ukikaa bure, na tairi la mlango wa nyuma hukaa juani mwaka mzima. Kampuni kubwa kama Michelin na Continental hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 10, la spea likiwemo, hata kama halijatumika.

Basi nikaenda Ilala kutafuta jingine. Muuzaji mmoja akanitolea tairi safi, akasema, "Dada, chukua hili kwa nusu bei. Spea si ya kukufikisha gereji tu?" Nikasoma: 245/70R16. Ya Mama ni 265/70R16. Tofauti ndogo, sivyo?

Hebu tupige hesabu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za ringi. Tairi la Mama lina kipenyo cha milimita 777 hivi, lile la nusu bei 749. Maana yake, kila kilomita moja lile dogo linazunguka kama mara 15 zaidi ya wenzake. Kutoka Magomeni hadi Manzese hakuna neno. Lakini Prado ya namna hii husukuma magurudumu yote manne muda wote, na tofauti hiyo inabebwa na difu. Ukiifunga difu ya kati kwenye ardhi ngumu, mashine zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Na "gereji" ya Mama iko saa kadhaa mbele.

Nikaendelea kukagua. Matundu ya nati: Prado ya Mama ina sita, wakati Land Cruiser nyingi kubwa za kuanzia mwaka 1998 na 1999 zina matano, kwa hiyo usidanganywe na neno Toyota. Namba ya mzigo: 112 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na Mama harudi mikono mitupu. Halafu nati zenyewe. Ringi nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, za chuma hutumia nati zenye ncha ya koni. Ukinunua spea ya ringi ya chuma, hakikisha una nati zake ndani ya gari.

Nikalipa bei kamili, saizi ileile. Iliniuma, sifichi.

Kulifunga mlangoni nako kuna mambo yake. Mlango ule unabeba karibu kilo 30 na unatikiswa njia nzima. Tulikaza boliti za kibebeo, tukaangalia bawaba, tukafunga nati moja ya kufuli. Upepo tulijaza kuzidi kidogo matairi mengine, kwa sababu kuupunguza porini ni rahisi, kuuongeza ni kazi.

Lakini swali lililobaki halikuwa la dukani. Mama ana kimo cha futi tano. Nani atalinyanyua?

Jumapili moja tukafanya mazoezi uani. Mawe mbele na nyuma ya matairi. Nati zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Ubao chini ya jeki, maana udongo wa shambani ni laini. Kisha chepe: unaliingiza chini ya tairi, unakanyaga mpini, tairi linapanda lenyewe hadi kwenye stadi zake. Nati unaanza kwa mkono, halafu spana kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Shusha gari, kaza tena. Ukishakwenda kilomita hamsini hivi, simama ukaze tena.

Mara ya kwanza alitumia dakika 50. Mara ya pili 35. Akiwa amechuchumaa na spana mkononi akasema, "Baba yako angeniambia nikae ndani ya gari." Sikujua nijibu nini. Naye hakungoja jibu, akaendelea kukaza.

Sasa nikwambie ninachoamini. Tairi la spea halichaguliwi na fundi wala na mfuko. Linachaguliwa na yule mtu dhaifu kuliko wote anayeendesha gari hilo akiwa peke yake. Kama yeye hawezi kulishusha na kulifunga, basi gari lina matairi manne tu.

Jumamosi hii toka nje na tochi. Soma zile tarakimu nne, pima upepo, linganisha saizi. Halafu mkabidhi spana mkeo, mama yako au mdogo wako, wewe ukae kwenye kiti uhesabu dakika. Atamaliza kwa ngapi?