Kazi ya Kutouliza

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Manchester, jibu langu fupi ni kwamba nasindikiza watu. Nawapeleka polisi, kliniki, mahakamani, na wengine hata sokoni siku wasizothubutu kutoka peke yao. Ni manusura wa ubakaji na udhalilishaji wa kingono, wanawake kwa wanaume. Waingereza huridhika na jibu hilo. Ndugu zangu wa Tanga lazima waongeze: "Sasa wanakuhadithia yote yaliyowafika?"

Hawanihadithii. Naweza kuwa na mtu mwaka mzima, nikamjua paka wake kwa jina na dawa anazomeza apate usingizi, nisijue usiku ule kulitokea nini.

Sharti hilo si langu. Serikali ya Uingereza ilianza kugharamia kazi hii ya mshauri huru wa manusura katikati ya miaka ya 2000, na mipaka yake ni mikali. Nisipozungumza na shahidi juu ya ushahidi wake, wakili wa mshtakiwa hatapata upenyo wa kudai kwamba nilimfundisha la kusema. Ni tahadhari ya kimahakama tu. Ila imezaa jambo ambalo sidhani walilikusudia: katika watu wote wanaomzunguka manusura, yuko mmoja anayemtazama bila ile picha kichwani.

Kituo cha kwanza cha kuwapokea manusura nchini kilifunguliwa hapahapa Manchester mwaka 1986, katika hospitali ya St Mary's. Siku hizi vipo kote Uingereza, na mtu anaweza kwenda bila kupitia polisi. Anapimwa, sampuli zinahifadhiwa, halafu anakwenda kufikiri kama atashtaki au la. Nikimpokea mtu, simwoneshi kiti, nangoja achague mwenyewe. Wengi huchukua kile kinachotazama mlango. Daktari humweleza kila hatua kabla ya kumgusa, na akisema basi, ni basi. Nguo zake zikichukuliwa kuwa ushahidi, kabatini mna nguo mpya za kila saizi, lebo zikiwa bado zinaning'inia. Hakuna anayetaka kupanda basi na gauni la hospitali.

Tusidhani basi kwamba kwetu Tanzania hakuna kitu. Vituo vya Mkono kwa Mkono vipo tangu kile cha Mnazi Mmoja, Unguja, kilipofunguliwa mwaka 2011, na Bara vimeenea: daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na mnasihi, wote mahali pamoja. Tabu ni pale kituo kilipo mbali. Hapo safari huanzia polisi kuchukua fomu ya PF3, na kila meza inauliza upya, wakati mwingine mbele ya foleni. Na kabla ya polisi kuna kikao cha ukoo. Adhabu ya ubakaji kwa sheria ya Tanzania ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mkosaji mara nyingi ni mjomba au binamu, kwa hiyo wazee huona heri yaishie ndani. Wao wakishauriana, saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinayoyoma. Aliyeumizwa yuko chumbani, hajaulizwa anataka nini.

Ajabu ni kwamba huyohuyo asiyeulizwa anachotaka ndiye anayeulizwa na kila mtu ilikuwaje. Wanauliza kwa huruma, sikatai. Kwetu pole bila swali huonekana baridi. Wanawake haohao wanaouliza ndio watakaolala naye mkekani, wamkorogee uji, wamchukulie mtoto shule. Manusura wangu wa hapa Manchester anarudi ghorofa ya saba, anafunga mlango, na miadi yetu ni wiki ijayo. Kesi ndiyo usiseme: mwaka 2024 kesi zilizorundikana katika mahakama za Crown Court zilipita 70,000, na wapo wanaoacha njiani kwa kuchoka kungoja. Kwa hilo Uingereza haina la kunifundisha.

Inachoweza kunifundisha ni jinsi ya kumtunza mtunzaji. Juzi nilikuwa kwenye simu na muuguzi mmoja wa huko nyumbani, shoga yangu wa tangu sekondari.

"Mimi asubuhi nachanja watoto," akaniambia, "mchana nafunga vidonda, na hao manusura wakija naitwa mimi, kwa sababu ndimi niliyekwenda semina."

"Na wewe anakusikiliza nani?"

"Nani? Narudi nyumbani, napika."

Mimi kila mwezi nakaa na msimamizi wa kitaaluma, kwa muda wa kazi, namweleza kilichonikaa kifuani. Si hisani ya mwajiri; ni sehemu ya kazi, kama glavu kwa daktari. Shoga yangu anabeba mazito kuliko yangu, maana yeye anaambiwa kila kitu, na hana wa kumtua. Baada ya miaka michache wenzake huomba uhamisho wa wodi, na uzoefu wote unaondoka nao.

Mabinti wanaoitaka kazi hii wananiandikia kuuliza waanzie wapi. Si lazima saikolojia. Uuguzi unafaa, hata sheria, na Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Dar es Salaam kimetoa maafisa wengi wanaoifanya kazi hii sasa hivi. Ila mkiitwa kwenye usaili, wakifika pale pa "una swali lolote?", msiulize mshahara kwanza. Ulizeni kama kuna mtu aliyepangwa kuwasikiliza ninyi, na kama muda huo unahesabiwa kazini. Wakisema hakuna, chukueni kazi mkiipenda, lakini siku ya kwanza tafuteni wenzenu wawili watatu mpange siku yenu ya kukutana, na iandikwe kwenye ratiba ya wodi, mganga mfawidhi aione.