Nilimkemea mwanangu, kumbe ndege yenyewe ndiyo mbovu

Tunaishi Nanyuki, na hapa ndege za kivita si hadithi. Kambi ya jeshi la anga ya Laikipia iko karibu, na F-5 zikipaa watoto huacha mpira, wakatazama juu hadi sauti iishe. Mwanangu ana miaka 11. Mjomba wake alipomtumia pesa za siku ya kuzaliwa, hakutaka viatu wala baiskeli. Alitaka F-5 ya plastiki, zile modeli zinazokuja vipande vipande kwenye kasha, unaziunganisha kwa gundi na kuzipaka rangi.

Niliagiza mtandaoni. Nilichagua kama ambavyo wazazi wengi tunachagua: picha ya kwenye kasha ilikuwa nzuri na bei ilinifaa.

Siku ya tatu nilirudi kazini nikakuta meza imejaa gundi. Bawa moja limekaa upande kama la kuku aliyegongwa na pikipiki, na mgongoni mwa ndege kuna ufa wa kupitisha kucha. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Wewe huna subira. Kila kitu unakikimbilia." Hakujibu. Alirudisha kila kitu kwenye kasha, akalisukuma chini ya kitanda.

Wiki moja baadaye mama yake alimwomba amsaidie kushona vifungo vya sare, kazi ambayo siku zote aliipenda. Akasema, "Mikono yangu haifai, Mama. Hata Baba anajua."

Mke wangu aliniambia hayo usiku, bila kupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mtoto alipolala nililivuta lile kasha. Bawa la pili lilikuwa halijaguswa na gundi, nikajaribu kulipachika mwenyewe. Kijiti chake kilikuwa kinene kuliko tundu. Nikakikwangua kwa kisu, kikaingia, na bawa likainama vilevile kama lile la kwanza. Kioo cha rubani hakikufika mahali pake, kikaacha nafasi upande mmoja. Nilikaa hadi saa sita usiku, mtu mzima wa miaka 43, na sikuweza kukalisha bawa moja.

Kesho yake nilimpelekea jirani, fundi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mabeseni na vikombe vya plastiki. Aligeuza vipande vichache mkononi, akasema, "Jirani, usimlaumu kijana. Kalibu imechoka."

Alinieleza kwamba plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Kalibu ikizeeka, pande hizo hazifumbani sawasawa. Plastiki hupenya katikati na kuacha utando mwembamba kwenye kingo. Ni ule ukingo unaokukwaruza vidole ukinunua beseni la bei rahisi. Akanionyesha vishimo mahali ambapo plastiki nene ilinywea ilipopoa. Kisha akalaza nusu ya kiwiliwili ambayo ilikuwa imebanduka kwenye meza bapa: ilicheza kama kiti kibovu. Ilikuwa imepinda, pengine ilitolewa kalibuni ingali moto. Hakuna mtoto ambaye angeinyoosha kwa subira.

Nilichojifunza baadaye kiliniudhi zaidi. Kalibu hizi hutumika miongo kadhaa, na nyingine huhama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kasha linaweza kuwa jipya, picha mpya, na vipande vikawa vya kalibu iliyochongwa kabla baba wa mtoto hajaoa. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni kalibu ni ya mwaka gani. Tarehe ya kasha haikuambii kitu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba vipimo vya ndege yetu vilikuwa sahihi. F-5E halisi ina mabawa yenye upana wa mita 8.13 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/72, yaani sentimita 72 za ndege halisi zinakuwa sentimita moja ya modeli, hiyo ni kama sentimita 11.3. Nilipima kwa rula, ikatimia. Wapenzi wa modeli hubishana sana juu ya mambo haya. Hubishana pia juu ya mistari ya mabati. Modeli nyingi za zamani zina mistari iliyoinuka, nayo hufutika ukipiga msasa. Ile iliyochongwa ndani hubaki, ila ikiwa mipana sana ni kichekesho, kwani mfereji wa milimita moja kwenye modeli ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Mguu wa fundi ungezama humo. Mimi kwa mtoto ningeviacha hivyo vyote nyuma. Ningeanza na swali moja: vipande vinaingiliana bila gundi? Utando wa kingoni hukwanguliwa kwa dakika tano. Kiwiliwili kilichopinda humaliza moyo wa mtoto.

Jumamosi nilimketisha mezani nikamwambia nimekosea. Akauliza, "Kwa hiyo si mikono yangu?" Nikamwambia si mikono yake. Hakuniamini. Alinipa lile bawa akataka nilipachike mbele yake, akanitazama nikishindwa kwa muda ambao nadhani ulimtosha.

Ya pili tuliinunua Nairobi, kwenye duka lililoturuhusu kufungua kasha. Alichagua Spitfire, ya 1/72 pia, yenye vipande vichache. Alipitisha kidole kwenye kingo, akainua kioo kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo, akatazama kama karatasi ya alama imegeuka manjano. Nyumbani aliiunganisha yote kwa mipira ya kufungia nywele ya dada yake kabla ya kugusa gundi. Ufa ulikuwepo, lakini wa unene wa unywele.

Ile F-5 hakuitupa. Nilimwombea puti kwenye gereji ya magari, akaziba mgongo, akapiga msasa siku mbili. Alama za kasha zilikuwa za nchi nyingine, kwa hiyo rangi za Kenya anazichora mwenyewe kwa brashi. Mabawa bado yameinama, la kushoto zaidi. Jumapili alimwonyesha mjomba wake kwenye simu, akaishika ili upande wa kulia ndio uonekane.