Grange: mvinyo uliofichwa wakubwa kwa miaka mitatu

Leo naweka kando hifadhidata na seva, nizungumzie chupa. Wasiokunywa mnisamehe, ila msikimbie, maana kisa chenyewe ni cha kazi kuliko cha ulevi.

Mvinyo huu mwekundu unaitwa Grange. Hutengenezwa na kampuni ya Penfolds huko Australia ya Kusini, kwa zabibu za aina ya Shiraz, mara nyingine zikitiwa Cabernet Sauvignon kidogo. Toleo jipya siku hizi huuzwa karibu dola 1,000 za Australia, yaani zaidi ya shilingi 80,000 zetu. Chupa moja! Toleo la kwanza kabisa, la 1951, lilikuwa la majaribio na halikuuzwa dukani. Schubert aligawa chupa zake. Leo chupa hizo zimewahi kupita dola 100,000 za Australia kwenye mnada.

Schubert ni nani? Max Schubert aliingia Penfolds akiwa kijana wa kutumwa huku na huku, na kufikia 1948 alikuwa ndiye mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Kampuni ilimtuma Ulaya kujifunza mambo ya sheri, naye akapitia Bordeaux, Ufaransa. Huko alionjeshwa mvinyo wa miaka 40 na 50 ambao bado ulikuwa hai. Akarudi nyumbani na wazo moja tu: kutengeneza wa kwao utakaoishi angalau miaka 20. Zabibu za Bordeaux zilikuwa adimu kwao, akatumia Shiraz iliyokuwa tele. Mapipa akachukua mapya ya mwaloni wa Marekani.

Mwishoni mwa 1956 wakubwa walioko Sydney wakaitisha kikao cha kuonja. Balaa! Mmoja alisema ni kama matunda ya mwituni yaliyopondwa pamoja na sisimizi. Kabla ya mavuno ya 1957 amri ikatoka: acha.

Hakuacha. Kiwanda cha Magill kiko karibu na Adelaide, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sydney, na msaidizi wa meneja mkuu, Jeffrey Penfold Hyland, alijua siri na akaitunza. Grange ya 1957, 1958 na 1959 ilitengenezwa kimya kimya ikalazwa chini ya ardhi. Pesa za mapipa mapya hazikuwapo, maana ombi la kununua lingewafichua, hivyo akatumia ya zamani. Watu wa fani yetu mnaijua hali hii. Mradi umefutwa mkutanoni, lakini kuna mtu bado ana folda yake mahali na huifungua usiku.

Wakati huo chupa za kwanza zilikuwa zimelala zikibadilika. Zilipoonjwa tena, wakubwa wale wale wakaagiza kazi ianze upya, 1960. Mwaka 1962 Grange ya 1955 ikapata dhahabu kwenye maonyesho ya Sydney.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha shujaa na wakubwa wajinga. Mimi sioni hivyo. Ndimi zao hazikuwa na kasoro, mvinyo ule ulikuwa mchungu kweli. Walionja toleo la majaribio wakalihukumu kama bidhaa iliyokamilika, na bila chupa zilizosahaulika chini ya ardhi hakuna hoja ambayo ingewageuza.

Moja ya miaka ile mitatu ilirudi kwenye habari baadaye. Aprili 2014 waziri mkuu wa jimbo la New South Wales, Barry O'Farrell, aliambia tume ya kupambana na ufisadi kwamba hakuwahi kupokea zawadi ya chupa ya Grange ya 1959, mwaka wake wa kuzaliwa. Kisha ikapatikana barua yake ya shukrani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akajiuzulu. Chupa iliyotengenezwa kwa siri ikamtoa mtu kazini kwa kutotajwa.

Haya, unainywaje? Ihifadhi imelala, gizani, penye ubaridi wa nyuzi 13 hivi, mbali na mtikisiko. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote: pana joto na pana mtetemo. Isimamishe wima siku moja au mbili kabla, mashapo yashuke. Vizibo vya zamani huvunjika, basi fungua polepole. Mimina kwenye jagi safi la kioo huku ukimulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu, na mashapo yakikaribia acha. Changa ipumue saa moja au mbili. Kongwe inywe mara moja, maana harufu yake haikai. Wazungu wakisema joto la chumba, wanasema chumba chao! Unatakiwa nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo Nairobi iweke friji dakika 20, Mombasa zaidi. Nyama ya kuchoma yenye mafuta inafaa sana. Pilipili hapana, na anayetaka kutia soda simwalikI tena.

Sisi tuliipata ya 2008. Mteja kutoka Adelaide alituletea watatu chupa moja baada ya mradi mrefu. Mwenzetu mmoja alikuwa na karo ya dadake inadaiwa, tukakubaliana iuzwe. Kila mnunuzi aliuliza ilihifadhiwa wapi tangu ilipotoka kiwandani, na kwa karatasi gani. Hatukuwa na jibu. Aliyetoa bei ya juu alitoa chini ya nusu. Mwenye karo ndiye aliyesema tuinywe. Mimi na mwenzangu tukachanga sehemu ya karo ile, na hakuna aliyeiita deni.

Glasi ya kwanza ilikuwa ngumu, imefunga. Baada ya saa moja na nusu ilinukia matunda meusi, moshi, kitu kama ngozi mpya ya kiatu. Glasi ya mwisho, karibu saa tano usiku, ilikuwa bora kuliko zote, na ilikuwa kidogo mno.

Tahadhari moja kwa mtakaobahatika: chupa tupu msiitupe ikiwa nzima, kuna wanaozinunua na kuzijaza upya. Yetu tuliiandika majina matatu na tarehe kwa kalamu isiyofutika, juu ya lebo kabisa.