KATHMANDU RAHA, LAKINI FUNGA KAMBA KWANZA

Kama unadhani kutembea ni Bagamoyo na Kigamboni tu, leo kaa mkao wa kula nikupeleke Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, uliokaa bondeni katikati ya milima, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Ilikuwa Oktoba 2023, tulikuwa washkaji wanne, kila mtu na begi lake mgongoni. Watatu walikuwa wanasoma India, mimi nikatoka Dar kuungana nao. Tulipanda treni mpaka Gorakhpur, basi mpaka mpakani Sunauli, tukavuka kwa miguu na kulipa viza dola 30 kwa siku 15, halafu basi tena usiku kucha. Alfajiri barabara ikashika ukingo wa mto Trishuli, maji yanachemka kwenye mawe kama uji jikoni. Wote tulikimbilia dirishani, isipokuwa jamaa yetu mmoja wa Ukerewe. Yeye alivuta kofia usoni akajifanya amelala.

Kathmandu hata saa itakuchanganya! Wako mbele yetu kwa saa mbili na dakika 45, kwa hiyo Dar ikiwa saa nne kamili asubuhi, kule ni saa saba kasorobo mchana. Mji wenyewe si mchezo. Kuna mahekalu ya matofali mekundu na mbao za nakshi, na pale Swayambhunath unapanda ngazi 365 huku kima wanakupigia mahesabu ya ndizi yako. Kwa sisi wa mfuko mwembamba, mkombozi alikuwa dal bhat, yaani wali na mchuzi wa dengu. Ukimaliza unaongezewa, mpaka mwenyewe unyooshe mikono.

Tuliiona pia Kasthamandap, jengo la kale lililoupa mji jina lake. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliiangusha chini, na nchi nzima watu karibu 9,000 walikufa. Wenyewe wakaijenga upya, ikakamilika mwaka 2022. Jamaa wa Ukerewe alisimama pale muda mrefu kuliko sisi wote.

Jioni ikaja hoja ya kurudi Trishuli kupanda boti la mpira kwenye maji ya kasi. Jamaa akasema yeye hapandi. Basi bwana, ikawa kosa! "Mtoto wa ziwa unaogopa mto?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Akangoja wamalize, ndipo akaongea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 walikufa. Yeye alikuwa nyumbani likizo. Alibeba majeneza mpaka bega likavimba, na mengine yalikuwa ya watu aliocheza nao utotoni. "Maji hayana mwenyeji," akasema. Meza nzima kimya.

Asubuhi akatushangaza. Alikubali kupanda, ila kwa sharti kwamba kamba za kila mtu atazikagua yeye, hata kama kiongozi wa boti ameshazikagua. Kweli, tulipofika mtoni kiongozi alivuta jaketi la kila mmoja mabegani kuona kama linapanda, akatufundisha kupiga kasia kwa pamoja na kulala ndani ya boti akipiga kelele. Mshkaji mmoja, mtu wa picha, akalegeza kamba ili fulana yake mpya ionekane. Wa Ukerewe akamkamata, akakaza mpaka mwenzake akaguna. "Utapendeza ukifika," akamwambia.

Maji yale ni ya baridi kichizi. Mawimbi mawili ya kwanza tulicheka, la tatu likatugeuza ubavu na yule bwana picha akaruka kama kizibo cha soda. Mtu mwenyewe kuogelea hajui! Sekunde chache niliona kofia ngumu tu inakwenda. Halafu jaketi likamwibua, kiongozi akapeleka boti, na aliyemdaka kwa kamba za mabegani na kumvuta ndani ni nani? Mwoga wetu.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vijana wa siku hizi tunaona kuuliza jaketi liko wapi ni ushamba. Lakini anayeuliza, mara nyingi ni yule aliyewahi kuona maji yanafanya nini. Kwa hiyo wikiendi hii ukipanda boti kwenda Mbudya au unavuka ziwa kumsalimia bibi, omba jaketi, livae, kaza kamba. Watakaokucheka waache wacheke. Kicheko hakijamzamisha mtu.

Haya, tuonane wiki ijayo!