Ndege wa kwetu, viza ya Marekani

Nimekuwa kimya kidogo hapa kijiweni. Kazi za gazeti zilinipeleka Morogoro, na kabla ya kurudi Dar nikapanda Uluguru mpaka Morningside. Pumzi nusura ziniishie njiani.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kiluguru, alikuwa akinisimulia mambo ya msitu. Nikajitia ujuaji. Nikamwambia yupo ndege aitwaye mbwigu wa Uluguru, kichwa cheusi, kifua cha njano, asiyepatikana popote duniani isipokuwa milima hii. Arthur Loveridge alimchukua mwaka 1926, na mwaka 1927 Herbert Friedmann akampa jina la kisayansi. Sampuli yenyewe iko makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Mzee akacheka. "Kwa hiyo mwanangu, nikitaka kumwona ndege wa kwetu niombe viza?"

Sikuwa na jibu.

Nilipofika Dar nikaingia intaneti. Kumbe makumbusho ile imeweka kumbukumbu zake wazi: namba ya sampuli, mahali, tarehe, aliyekusanya. GBIF, mtandao ulioanzishwa mwaka 2001, unaunganisha kumbukumbu kama hizo za nchi nyingi. Kwetu ipo TanBIF, chini ya COSTECH. Viza haihitajiki.

Tena kugawana ni kinga. Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya mimea Uluguru mwaka 1894, ikapelekwa Berlin. Machi 1943, vitani, hifadhi ile ya mimea iliyokaushwa ikapigwa mabomu, sehemu kubwa ikateketea. Ambayo haikuwa na nakala kwingine ilipotea moja kwa moja.

Lakini si kila kitu cha kuanika. Kwenye habari yangu nilishataja mahali hasa tulipoona vinyonga. Nikafuta. Wawindaji wa vinyonga nao wanasoma magazeti. Hata wenye kumbukumbu hizi, kiumbe akiwa anawindwa, huficha mahali halisi na kutaja eneo kwa ujumla.

Nimechapa ukurasa wa mbwigu nimpelekee mzee. Umejaa Kiingereza na Kilatini, kwa hiyo kwanza nautafsiri. Jina la Kiluguru sikuliona humo. Ndilo swali langu la kwanza nikishamwamkia: huyu nyinyi mnamwitaje?

Mdau, kama unalijua, niandikie. Tusimwachie mzee peke yake.